Kitenzi Kilichokosekana: Sarufi ya Kiingereza na Ardhi ya Wameru

Ukiitaja riwaya ya Ismael Mbise, Blood on Our Land (1974), katika semina yetu, hazipiti dakika mbili kabla mtu hajauliza: kwa nini Mmeru aliandika kwa Kiingereza? Swali zuri, lakini linatufikisha kule kule kila mwaka. Mimi napendekeza tuanze na swali dogo zaidi, lile linalowasumbua watoto wa kidato cha kwanza Arusha, waliosoma msingi kwa Kiswahili kisha wakakuta karibu masomo yote kwa Kiingereza. Wanauliza: kitenzi hiki kinamtaja nani?

Chukua kikombe. Sisi tunasema kimevunjika, au kimevunjwa. La kwanza halimshtaki mtu. La pili linamtafuta mkosaji. Kiingereza kinaweza kuyabeba yote mawili kwa "The cup is broken", basi kazi kwako msomaji kukisia.

Kwenye kikombe ni mchezo tu. Huko Mlima Meru si mchezo. Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwatoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto, na eneo walilopangiwa kwenda likawa King'ori.

Sasa mpe mwanafunzi atafsiri "Wameru walihamishwa". Akiandika "The Meru moved", ukiisahihisha sentensi hiyo peke yake huna pa kumkata maksi: kiima kipo, kitenzi kiko wakati uliopita, mambo safi. Lakini amedondosha kineno "were", na jinai imegeuka safari. Kwetu ni vigumu kuteleza hivyo, maana hama, hamisha na hamishwa ni hatua tatu zinazosikika. Kiingereza kinatumia "move" ile ile kwa anayehama na kwa anayehamisha. Hali kadhalika "The houses burned" ni ziliungua, na "The houses were burned" ni zilichomwa. Moto ni mmoja. Kesi ni mbili.

Kuna atakayenipinga: hata "walihamishwa" haimtaji mhamishaji. Kweli kabisa. Neno "by" la Kiingereza ni la hiari kama "na" yetu, na mwandishi akitaka kumficha mtendaji, lugha zote mbili zitamsitiri. Tena kauli ya kutendwa si lazima iwe ya uoga. Humweka aliyeumia mwanzoni mwa sentensi, mahali pa heshima. Ndiyo maana mhakiki hapaswi kuridhika kusema "hapa pana passive voice" akafunga daftari. Aulize: na nani?

Tazama jina lenyewe la riwaya. Kuna damu, kuna ardhi, kuna "yetu", lakini kitenzi hakuna! Naona hapo ndipo ilipo nguvu yake. Msomaji hawezi kulimaliza bila kutafuta kitenzi mwenyewe, na akikipata tu, atalazimika kukitafutia mtendaji.

Na akishampata asiishie hapo, kwa sababu Wameru hawakubaki katika kauli ya kutendwa. Walikataa, wakachanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Baadaye Kirilo na wakili Earle Seaton waliandika kitabu juu ya kesi hiyo, kilichotoka 1967. Vitenzi hivyo vyote ni vya kutenda, na kiima chake ni wananchi wa mlimani.

Kwa hiyo, msomaji mwenzangu, mtoto akikuuliza tofauti ya "moved" na "were moved", usimjibu kwamba ni kanuni tu, aikariri kwa ajili ya mtihani. Mwonyeshe Engare Nanyuki. Ataikumbuka kanuni, na hatakubali tena kuambiwa kwamba watu walihama.