Kuhama Windows 10: faida moja kubwa, gharama zisizotajwa

Tangu 14 Oktoba 2025, Microsoft imeacha kutoa viraka vya kawaida vya usalama kwa Windows 10, mfumo uliozinduliwa Julai 2015. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Ziliwaka kama kawaida, Word ikafunguka, printa ikachapa, na wengi wakaona tarehe ile ilikuwa kelele za biashara tu. Hapo ndipo hesabu inapoharibika, kwa hiyo tuanzie hapo.

Fungua Command Prompt kwenye Windows 11, andika ver, kisha bonyeza Enter. Itajibu 10.0, ikifuatiwa na namba ndefu inayoanzia 22000. Sura imebadilishwa, lakini sehemu kubwa ya msimbo ulio chini yake ni ileile ya Windows 10. Kwa hiyo kiraka cha Windows 11 kinapotoka, mdukuzi anaweza kukilinganisha na faili za awali, akaona tundu lilikuwa wapi, kisha akalitafuta tundu hilohilo kwenye Windows 10 isiyopata kiraka. Mwaka 2017 Microsoft ilitoa kiraka tarehe 14 Machi; kirusi cha WannaCry kikaanza kusambaa 12 Mei na kufunga mafaili ya hospitali za Uingereza pamoja na ya ofisi katika nchi nyingi. Kompyuta nyingi zilizoathirika zilikuwa za Windows 7, iliyokuwa bado inahudumiwa wakati huo. Kiraka kilikuwepo, ila hakikuwa kimewekwa. Windows 10 isiyo na mpango wowote wa viraka imo katika hali hiyo kila siku, na haina hata kiraka cha kuchelewesha.

Hiyo ndiyo faida ya kuhamia Windows 11, na kwangu inatosha. Mengine ni mapambo. Kitufe cha Start kimesogezwa katikati, kona za madirisha zimekuwa za mviringo. Faida ya pili yenye uzito ni kwamba mfumo mpya unategemea chipu ya TPM 2.0, inayotunza funguo za siri, na Secure Boot, inayokagua programu zinazowashwa mwanzo kabisa kabla ya Windows yenyewe.

Tatizo linaanzia kwenye masharti hayohayo. Windows 11 inataka RAM ya GB 4 na diski ya GB 64, ingawa kwa uzoefu wangu chini ya GB 8 ni mateso. Inataka pia prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, ukiondoa chache mno za kizazi cha 7. Chukua HP EliteBook 840 G3, laptop inayofahamika vizuri na wanunuzi wa mitumba wa Dar es Salaam na Nairobi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, usome mstari wa prosesa. Ukikuta i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, yaani kizazi cha 6. Imekataliwa. Ndugu yake, 840 G5, huonyesha namba kama i5-8350U, na hiyo inapita. Kwa nje, fundi asiyezizoea anaweza kuzichanganya.

Naona sharti hili la prosesa ni kali kupita kiasi. Mashine iliyouzwa mpya mwaka 2017 ilikataliwa mwaka 2021 ikiwa na miaka minne tu, na ingali inafanya kazi za ofisi bila shida. Mzigo umemwangukia mtu aliyenunua kompyuta iliyokwishatumika, kwa sababu ndiyo aliyoimudu.

Ukiambiwa TPM haipo, usikimbilie kununua mashine. Mara nyingi imezimwa tu kwenye BIOS. Kwa Intel itafute kwa jina la PTT, kwa AMD fTPM.

Gharama ninayoiogopa zaidi haiandikwi kwenye tangazo lolote. Katika matoleo ya karibuni ya Windows 11, ukisakinisha upya kwa akaunti ya Microsoft, diski inaweza kufungwa kwa usimbaji bila wewe kuombwa idhini. Ufunguo wa kuifungua huhifadhiwa katika akaunti iliyotumika kusakinisha. Sasa fikiria ni mara ngapi fundi huweka Windows kwa barua pepe yake ili amalize haraka. Siku BIOS ikibadilishwa na kompyuta ikaomba ufunguo wa tarakimu 48, ufunguo huo uko kwake. Fundi akiwa amehama, au amesahau nywila, picha na hesabu za duka zimekwenda. Tumia akaunti yako mwenyewe, na uuandike ufunguo huo kwenye karatasi siku ileile.

Mwenye duka au zahanati aangalie pia programu anazozitegemea. Windows 11 haina toleo la biti 32, hivyo programu za kale za biti 16 zilizokuwa zikifanya kazi kwenye Windows 10 ya biti 32 hazitafunguka. Printa ya zamani inaweza kukosa draiva. Kwanza nakili mafaili yote kwenye diski ya nje, kisha hama. Ukijuta, una siku 10 za kurudi nyuma kupitia Settings. Zikipita, folda ya Windows.old hufutwa.

Kwa mashine iliyokataliwa, njia ya kulazimisha ipo na mafundi wanaijua. Siipendekezi kwa kompyuta ya kazi: Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine hizo, na toleo la 24H2 la Windows 11 tayari liliziacha prosesa za zamani sana, kama Core 2 Duo, zisizo na amri linazozihitaji. Afadhali mpango wa ziada wa viraka, ESU. Kwa mtu binafsi umetangazwa hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 au bila malipo ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Baada ya hapo, kwa anayetumia kivinjari, barua pepe na hati za kawaida, mfumo wa Linux Mint pamoja na programu za ofisi za LibreOffice vitaiweka G3 kazini bila kununua chochote.

Uamuzi wangu ni huu: mashine inayokidhi masharti ihamishwe mwezi huu, isiyokidhi iandikishwe ESU leo. Nanyi mnaouza laptop za mitumba, andikeni kizazi cha prosesa kwenye tangazo, kando ya bei. Mnunuzi naye asitoe hela kabla hajaiona namba hiyo kwa macho yake.