Mshukiwa, Mtuhumiwa au Mgonjwa Anayesubiri Majibu?

Tarehe 1 Agosti 2018 Wizara ya Afya ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza kuwa Ebola imezuka Mangina, katika eneo la afya la Mabalako, mkoani Kivu Kaskazini. Hadi mlipuko huo ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, ugonjwa ulikuwa umepita Beni, Butembo na Katwa, ukaingia Ituri, na kuua watu 2,287. Muda wote huo wagonjwa waliwekwa katika mafungu matatu yaliyotoka kwenye Kiingereza cha Shirika la Afya Duniani na kufika Kivu kwa Kifaransa: mwenye dalili ambaye bado hajapimwa, mtu ambaye kila ishara inaonyesha alikuwa na Ebola ila hakuna kipimo, na yule ambaye maabara imethibitisha. Fungu la tatu halimsumbui mfasiri. Mawili ya kwanza ndiyo yenye kazi, maana Kiswahili kina msururu wa maneno yanayokaribiana hapo: kushuku, kutuhumu, kudhani, kukisia, na yamkini juu yake. Hoja yangu ni kwamba ukaribu wa maana katika kamusi ni kipimo dhaifu. Neno la namna hii lipimwe kwa kile ambacho mtu anatarajia kutendewa akishaitwa hivyo.

Tuanze na mshukiwa, ambalo ndilo linalomjia mfasiri haraka. Msomaji wa magazeti ya Nairobi hukutana nalo kila siku katika habari za wizi na mauaji. Dar es Salaam kazi hiyohiyo hufanywa na mtuhumiwa. Beni, ambako raia wameuawa kwa makundi tangu Oktoba 2014 na lawama kuangukia zaidi waasi wa ADF, mtu wa kushukiwa ni mtu wa kukamatwa. Sasa fikiria mama mwenye homa kali. Gari linafika, watu waliofunikwa mwili mzima wanamchukua, anawekwa nyuma ya uzio, anatolewa damu. Ikiwa siku tatu hazijapita tangu dalili zianze, jibu la kwanza likisema hana Ebola haliaminiki, kwa hiyo anabaki hapo mpaka apimwe tena. Kila hatua ina sababu yake ya kitabibu, lakini kwa macho ya jirani inafanana na kukamatwa, na neno mshukiwa linakuja kuthibitisha alichokiona.

Kudhani na kukisia hayana harufu ya polisi, ila yana kasoro nyingine. Anayedhaniwa kuwa na Ebola, katika matumizi yetu ya kawaida, ni mtu ambaye wengi wameshaamini anayo. Kumbe sehemu kubwa ya waliopelekwa kupimwa hawakuwa nayo, bali malaria au homa nyingine. Kukisia nako kunamfanya daktari aonekane anabahatisha. Ndiyo maana naona jina lililo sahihi ni refu: mgonjwa anayesubiri majibu ya Ebola. Linasema yuko wapi katika safari ya matibabu, na linabeba ahadi kwamba majibu yatakuja. Kwa fungu la pili, yamkini halifai hata kidogo, kwa sababu linasikika kuwa na uhakika mdogo kuliko kudhani, ilhali wataalamu wanakusudia uhakika mkubwa zaidi. Kati ya wagonjwa 3,470 wa mlipuko ule, 153 walihesabiwa humo. Kwa kawaida hawa ni watu waliozikwa bila kupimwa, nao walikuwa wamehusiana na mgonjwa aliyethibitishwa. Iambiwe familia hivyohivyo: alifariki kabla ya kupimwa, na tunaamini ilikuwa Ebola.

Atapinga mtu wa takwimu kwamba istilahi lazima zilingane, neno kwa neno, na fomu za Geneva. Fomu zilijazwa kwa Kifaransa na zitaendelea kujazwa hivyo. Sentensi inayosemwa mlangoni haiharibu jedwali, mradi timu zote ziseme ileile. Pingamizi zito zaidi ni kwamba jina la upole linaweza kuficha hatari. Kweli, na ndiyo maana sikubali kufupisha kuwa "anayesubiri majibu" tu: Ebola lazima itajwe, pamoja na sababu ya kutengwa. Wengine watasema Wanande, ambao ni wenyeji wengi wa Beni na Butembo, wasemeshwe Kinande. Wasemeshwe, tena kwanza, lakini Kiswahili ndicho cha soko na redio, na uchaguzi huuhuu unamngoja mfasiri wa Kinande pia. Tena kuna anayesema chuki dhidi ya timu za Ebola ilitokana na siasa. Tarehe 27 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi kuahirishwa Beni na Butembo, waandamanaji walivamia kituo cha Ebola cha Beni na wagonjwa waliokuwa wakisubiri majibu wakakimbia. Neno halikuzua ghasia hizo. Lakini mfasiri anayejua hasira iliyopo hana ruhusa ya kuiongezea kuni.

Kiswahili sanifu peke yake hakitamwokoa mfasiri huyo. Mganga, au munganga kama wasemavyo Kongo, ni daktari wa hospitali kwa mtu wa Butembo. Watanzania wengi huanza kufikiria mtaalamu wa jadi. Tangazo lililotungwa mbali linaweza kuwa na sarufi safi na bado likapotosha. Vivyo hivyo, mtu anayefuatiliwa siku 21 kwa kuwa huenda ameambukizwa na mgonjwa akiitwa aliyekaribiana na mgonjwa, mtaa mzima utaingiwa hofu. Akiitwa aliyegusana naye, atasahaulika yule aliyefua shuka zake.

Ebola ilirudi upande wa Butembo Februari 2021, ikarudi Beni Oktoba 2021. Wizara na mashirika yakae na watangazaji, wauguzi na familia za waliopona wa Mangina, wakubaliane maneno haya sasa, kabla gari halijafika tena mlangoni.