Mkono wa tatu wa vanishi: kazi ya Ole Kirk Christiansen wa Billund

Seremala aliyeanzisha kampuni ya vitu vya kuchezea ya LEGO hakubuni tofali lake. Tofali dogo la plastiki lenye vinundu juu lilitangulia kutengenezwa na Mwingereza Hilary Fisher Page, chini ya jina la Kiddicraft. Muundo wa ndani unaolifanya lishike ulipatikana kwa juhudi za Godtfred, mwana wa seremala huyo. Ole Kirk Christiansen hukumbukwa mara nyingi kwa sifa isiyo yake, na ile iliyo yake ikasahauliwa. Yake ni namna ya kufanya kazi.

Alizaliwa 1891 Filskov, Denmark. Mwaka 1916 alinunua karakana ya useremala Billund, kijiji kilichozungukwa na mashamba, na mwaka huohuo akamwoa Kristine Sørensen. Riziki yake ilikuwa kuwajengea wakulima nyumba na kuwatengenezea samani. Mwaka 1924 wanawe wawili wadogo walichezea moto, maranda yakashika, karakana na nyumba vikateketea. Akajenga upya. Kisha ukaja mdororo wa miaka ya 1930: bei za mazao zikaanguka na wakulima wakaacha kujenga. Mwaka 1932 Kristine alifariki, akamwachia watoto wanne wa kiume.

Fundi wa nyumba huwategemea wateja wachache, kila mmoja na kazi kubwa. Mwaka mbaya ukiingia, wanaondoka wote kwa pamoja. Ole Kirk alipunguza ukubwa wa kitu anachouza: ngazi, mbao za kupigia pasi, na hatimaye vitu vya kuchezea watoto. Mbao na ujuzi vilikuwa vilevile, ila sasa mnunuzi hakuhitaji kuwa na fedha ya nyumba nzima. Ndugu zake walimdhamini mkopo huku wakimuuliza kama hakuona kazi ya maana zaidi.

Tukio la yoyo laonyesha jinsi alivyofikiri. Mchezo huo ulipovuma alizitengeneza kwa wingi, na ulipopoa akabaki na shehena isiyouzika. Alizikata katikati zikawa magurudumu ya magari ya mbao. Kazi ngumu katika kutengeneza gurudumu ni kulipata duara kamili lenye kitovu katikati barabara, na kila yoyo ilikuwa na maduara mawili ya aina hiyo, tayari yamechongwa. Aliokoa mbao, na zaidi ya mbao aliokoa saa za kazi zilizokwisha kulipwa.

Lakini mahali pa kumsomea hasa ni bata wa mbao wa kuvutwa kwa kamba. Mbao ya mti wa beech ilianikwa miaka miwili, kisha ikakaushwa wiki tatu katika tanuri, kwa sababu mbao yenye unyevu hupinda na kupasuka baada ya kuuzwa, na lawama hurudi kwa fundi. Halafu vanishi, mikono mitatu. Mkono wa kwanza hunywewa na mbao na kuzisimamisha nyuzi zake, zikahitaji msasa. Wa pili hujaza. Wa tatu ndio ukuta dhidi ya mate ya mtoto na maji ya sakafuni. Dukani mteja hawezi kutofautisha miwili na mitatu, na hapo ndipo fundi hushawishika. Godtfred alishawishika: alipaka miwili, akapeleka mzigo stesheni ya reli, akarudi kumwambia baba yake kwa furaha kwamba ameiokolea kampuni fedha. Baba alimwamuru akayarudishe maboksi, apake mkono uliobaki, ayafunge upya na kuyapeleka stesheni peke yake, hata kama ingemchukua usiku kucha. Baadaye Godtfred mwenyewe alichonga ubao wenye kaulimbiu ya baba yake, kwamba kilicho bora kabisa hakijawa bora kupita kiasi, akautundika ukutani.

Mwaka 1942 moto uliteketeza kiwanda pamoja na michoro na vielelezo vyote. Alikaribia kukata tamaa, akajenga tena. Mwaka 1946 aliagiza mashine ya kusukumia plastiki iliyoyeyushwa ndani ya kalibu, kwa kroner 30,000, fedha nyingi mno kwa karakana ya kijijini. Matofali ya kwanza yalitoka 1949. Yalikuwa matupu chini na kubanana kwa kuta peke yake, hivyo jengo liliachia kwa urahisi. Tarehe 28 Januari 1958 kampuni iliomba hataza ya tofali lenye vijibomba ndani, ambavyo husaidiana na kuta kukibana kila kinundu kutoka pande kadhaa. Muundo huo hauvumilii kalibu iliyochongwa ovyo: nafasi ikizidi kidogo tofali halishiki, ikipungua mtoto hawezi kulichomoa. Hiyo ni nidhamu ileile ya mkono wa tatu, sasa ikiwa ndani ya chuma cha kalibu. Wiki sita baadaye, tarehe 11 Machi, Ole Kirk alifariki akiwa na miaka 66.

Wanawe wote wanne walifanya kazi kiwandani, na kuwalea humo ndiko kulikorithisha kipimo chake. Kasoro ninayoiona ni moja. Ghala la vitu vya mbao lilipoungua 1960 na Godtfred akaamua kuachana na mbao kabisa, ndugu zake Karl Georg na Gerhardt waliondoka, naye akanunua hisa zao. Baba alikuwa amewafundisha wote ubora wa kazi. Namna ya kuamua wanapotofautiana haikurithika vizuri hivyo.

Tofali lililotoka kwenye kalibu za 1958 bado linabanana na la leo. Robo tatu ya kampuni inamilikiwa na ukoo wake, na makao makuu hayajawahi kuhama Billund.