Fundi na Zimwi

Kwenye gemu nyingi, kusevu ni kupumzika. Resident Evil ya Capcom, iliyotoka Japani mwaka 1996, ilikuwa na vyumba vyenye taipureta ambamo muziki uligeuka kuwa wa taratibu na maiti wanaotembea hawakukufuata. Ukishaufunga mlango unashusha pumzi, unahesabu risasi zako, unasevu. Alien: Isolation, iliyotoka Oktoba 2014, imeichukua raha hiyo ikaifanya adhabu. Mahali pa kusevu ni kisanduku mfano wa simu ya dharura kilichopigiliwa ukutani, mara nyingi kwenye ukumbi usio na mlango wa kufunga. Unachomeka kadi. Taa ya kwanza inawaka na kulia. Ya pili. Ya tatu. Ni sekunde chache tu, lakini kwa sekunde hizo uso wako umeelekea ukutani, mgongo wako uko wazi, na ulimwengu wa gemu haukusimama kukungoja. Mkia wenye ncha hupita kifuani mwa mchezaji huku taa ya pili ikiwaka, na yote aliyoyafanya nusu saa nzima yamekwenda na maji.

Zile taa tatu zinanitisha kuliko dubwana lenyewe, na nadhani sababu yake iko kwenye kazi ya mhusika. Amanda Ripley si askari wala mwindaji. Ni fundi. Amekwenda kwenye kituo cha anga kiitwacho Sevastopol, mwaka 2137, kufuatilia kumbukumbu za chombo Nostromo kilichopotea na mama yake miaka 15 nyuma, kisa ambacho Ridley Scott alikisimulia kwenye filamu ya Alien ya 1979. Kituo chenyewe kinaoza. Kampuni inayokiendesha imeshindwa, wakazi wamegawanyika makundi wanapigana wao kwa wao, umeme ni wa kubahatisha, na ndani ya mifereji ya hewa kuna zimwi linaloua watu. Mtu mwingine yeyote angejificha asubiri meli ya kumwokoa. Fundi hana nafasi hiyo, kwa sababu kila anapofika kuna kitu kimeharibika na ni yeye wa kukitengeneza.

Hapo ndipo ustadi wa watengenezaji ulipo. Mlango umezuiwa kwa chuma, basi mchezaji hatabonyeza kitufe kimoja ukafunguka. Atapachika spana, atabana, atausukuma mpini kwa kidole gumba kwenye pedi, chuma kitalia na kuanguka chini kwa kishindo. Bamba la ukutani atalikata kwa kifaa chenye moto mkali, mkato mmoja baada ya mwingine, na mwanga wa kifaa hicho unamulika uso wa ukuta kiasi kwamba haoni kingine. Kuwasha jenereta ni kuvuta wenzo, na wenzo una uzito. Hata kuunda kifaa kutoka kwenye vyuma chakavu hakusimamishi saa. Unafungua orodha ya vipuri huku nyayo zikipita chumba cha pili. Kila kazi inakudai mikono na macho, yaani vile vile unavyovihitaji ili uendelee kuishi. Yeyote aliyewahi kulala chini ya gari lililopigwa jeki, miguu ikiwa nje barabarani, anaijua hali hiyo.

Haya yasingewezekana kama kituo kingekuwa cha kisasa. Studio iliyoitengeneza gemu hii, Creative Assembly ya Horsham, Uingereza, ilikuwa inajulikana kwa gemu za vita vya majeshi makubwa, zile za Total War, si kwa kutisha watu. Ila walipopewa nyaraka za filamu na kampuni ya Fox, zikiwa pamoja na michoro, picha za seti na sauti za asili, walijiwekea sharti: kisiingie kitu ambacho watu wa 1979 wasingeweza kukibuni. Kwa hiyo skrini ni nene na za kijani, vitufe ni vikubwa vya plastiki, karatasi hutoka kwenye mashine zikikwaruza. Ili picha za skrini hizo zichafuke inavyopaswa, walizirekodi kwenye mikanda ya video, wakaicheza kwenye televisheni kuukuu huku wakichezea nyaya, kisha wakairekodi upya ile picha iliyoyumba. Wengi huisifu kazi hiyo kwa uzuri wake, na ni nzuri kweli. Mimi naisifia zaidi uzembe wa mashine zenyewe. Kompyuta ya kituo hicho inachukua muda kuandika sentensi. Lifti inakuja inapotaka. Kwenye bunilizi za kisayansi tumezoea teknolojia inayomrahisishia mtu maisha. Hapa kila chombo kinakula muda, na muda ndio hasa ambao zimwi linautafuta.

Chukua kitambua mwendo, kifaa ambacho ndicho msaada mkubwa kuliko yote. Ni kidude cha mkononi chenye skrini ndogo ya kijani. Kitu kikisogea mbele yako, nukta inatokea, na mlio unaongezeka kasi kadiri kinavyokaribia. Unapokiinua, yaliyo nyuma yake yanafifia kama kwenye kamera. Uangalie skrini au uangalie ukumbi, vyote viwili kwa pamoja huvipati. Nukta haikuambii kama ni binadamu mwenye bastola, au ni roboti, au ni lenyewe. Haikuambii kama liko sakafuni au limepanda darini. Na likisimama tuli, nukta inapotea, ambayo ndiyo habari mbaya kuliko zote, kwa sababu sasa liko mahali fulani na limetulia. Isitoshe, mlio wa kifaa unaweza kusikika na lile unalolikimbia likiwa karibu. Sijaona gemu nyingine ambamo msaada wenyewe unatia hofu namna hiyo: mchezaji anakitazama ili apate utulivu, na kila akikitazama utulivu unapungua.

Sasa lenyewe. Waswahili tunasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na watu wa Horsham, bila kuujua msemo huo, waliutengenezea mtambo. Nyuma ya gemu kuna akili mbili. Ya kwanza ni msimamizi asiyeonekana, ambaye wakati wote anajua mchezaji yuko wapi. Ya pili ni zimwi, ambalo halijui. Msimamizi hulielekeza zimwi kwenye eneo kwa jumla, halitajii kabati ulimojificha. Likishafika huko linatafuta lenyewe kwa macho na masikio yake. Msimamizi huyo huyo anapima kipimo cha taharuki, yaani limekukaribia kiasi gani na kwa muda gani. Kipimo kikijaa analiita lirudi kwenye mifereji ya hewa, nawe unapata nafasi ya kuhema. Linakujua, kwa hiyo halikumalizi. Linakuacha kidogo ili liwe na sababu ya kurudi.

Matokeo yake ni kwamba halina njia maalumu linayopita. Gemu nyingi za kujificha huwa na walinzi wanaozunguka kwa mpangilio, mchezaji anakaa pembeni anauhesabu mpangilio, na akishaujua hofu inakwisha, kinabaki kitendawili cha kutegua. Kwenye hospitali ya San Cristobal, sehemu ya mwanzo ambapo zimwi linazurura huru, wengi hujaribu kuhesabu hivyo. Wanachungulia chini ya kitanda, wanaona miguu inapita, wanasubiri irudi, hairudi. Wanatoka. Limesimama mlangoni. Zaidi ya hayo, baadhi ya tabia zake zimefungiwa mwanzoni na hufunguka kutokana na mwenendo wako. Mtambo wa kurusha moto, unaoupata baadaye, hulifukuza lakini hauliui, wala hakuna silaha yoyote inayoliua. Na kadiri unavyoutumia ndivyo linavyoacha kuuogopa. Linaanza kusimama nje kidogo ya ncha ya moto, likikuangalia, mafuta yakikuishia.

Miguu niliyoitaja ina kisa chake. Kwenye filamu, vazi la kiumbe kile alilivaa Bolaji Badejo, mwanafunzi kutoka Nigeria mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, na Scott alimwonyesha vipande vipande tu, kichwa hapa, mkono pale, ili mtazamaji asiseme ni mtu amevaa vazi la mpira. Gemu haina ruhusa hiyo. Mchezaji atakaa chini ya meza atazame anavyotaka, na akiwa chini ya meza atakachokiona ni miguu. Basi wasanii waliichora upya, wakaipinda kinyumenyume kama ya mnyama, ili hata ukikodolea macho usipate binadamu ndani yake. Fundi wa jukwaani anashughulika na uso. Hawa walishughulika na nyayo, kwa kuwa walijua mteja wao atakuwa amejilaza wapi.

Kisha sauti, ambayo kwangu ndiyo nusu ya gemu yote. Zimwi linapokuwa darini, unasikia chuma cha mifereji kikigongwa, na unajifunza kutofautisha kugonga kwa kupita na kugonga kwa kushuka. Chini ya tundu linamovizia, udenda unadondoka. Wasiojua hupita hapo hapo. Ukijificha kabatini na likausogeza uso kwenye vitundu vya mlango, inakubidi uegemee nyuma na kubana pumzi, na ukibana mno mwili unaanza kudhurika. Hapo mchezaji ameshapokonywa mikono na macho. Kimebaki kifua tu, nacho kinadaiwa.

Gemu nyingine kubwa ya ukoo huu, Dead Space ya mwaka 2008, imepita njia ya pili na kufika karibu na hapo hapo. Mhusika wake Isaac Clarke, aliyepewa majina ya waandishi wawili, Isaac Asimov na Arthur C. Clarke, naye ni mhandisi, ametumwa kuitengeneza meli ya uchimbaji madini iitwayo Ishimura. Silaha yake ya kwanza ni kifaa cha kukatia miamba. Kiasi cha uhai wake hakiandikwi pembeni ya skrini. Ni mstari wa taa kwenye uti wa mgongo wa vazi lake, hivyo unauangalia mgongo wake gemu nzima, mgongo ule ule ambao kitu kinaweza kuurukia. Risasi ya kichwa, ambayo gemu zote zimetufundisha, haisaidii. Lazima ukate viungo, kwa utulivu, kama unapima mbao, wakati kitu kinakuja mbio. Na anapotoka nje pasipo na hewa, sauti zote zinazimika isipokuwa pumzi zake na mishindo ya mbali. Kwa damu na kelele Dead Space imezidi. Nayo pia imemchagua fundi.

Nisiisifu Isolation kupita kiasi. Ni ndefu mno, na waliolalamika ilipotoka walikuwa na haki. Kuna sehemu ya katikati ambapo zimwi linaondolewa na tunabaki na roboti wa kituo, wale wenye nyuso za mpira na lugha ya adabu wanaokufuata kwa mwendo wa kutembea tu. Mwanzoni wanatisha vizuri sana, kwa sababu hawana haraka, baadaye wanachosha. Kasoro mbaya zaidi ni vile vidudu vinavyorukia uso kuelekea mwisho. Vinatokea gizani, vinaruka, umekufa. Hakuna cha kusikiliza, hakuna cha kupima, hakuna kosa ulilofanya. Huo ni mshtuko, na mshtuko hata mtoto anaweza kuutengeneza kwa kujificha nyuma ya mlango. Kifo cha haki kwenye gemu hii ni kile unachoweza kukieleza baadaye: niliona udenda, nikasema nitapita haraka.

Inahitaji pia mazingira yake. Mabanda yetu ya gemu mitaani, ambako mpira ndio unaotawala na kila goli lina makocha sita nyuma ya kiti, si mahali pa kuichezea. Hofu ya namna hii haivumilii mashabiki. Inataka hedifoni, usiku, na mlango uliofungwa. Tena kwenye PlayStation 4 na Xbox One mtu akiwa na kamera ya kifaa hicho anaweza kuiruhusu gemu isikilize sauti za chumbani kwake, na zimwi likazisikia. Majirani zangu wana jenereta na jogoo. Nimeiacha imezimwa.

Mwaka 2024, gemu ilipotimiza miaka 10, Creative Assembly ilitangaza kwamba imeanza kuandaa mwendelezo. Bila shaka watashawishika kuongeza: mazimwi mengi zaidi, kituo kikubwa zaidi, bunduki. Mimi ningewaomba saa chache na mitambo mikorofi zaidi. Wanipe pampu isiyowaka mpaka uishike valvu muda wote, fyuzi inayotaka kubadilishwa gizani kwa kupapasa, ngazi ndefu ambayo mtu akiwa katikati hawezi kushika kingine chochote. Zimwi walilonalo linatosha.