Mkono wa Kushoto wa Randy Weston

Ukipata filamu ya mpiga piano wa jazi Randy Weston akiwa kazini, uache uso wake, tazama mkono wa kushoto. Alikuwa pande la mtu, kimo chake kilipita mita mbili, na viganja vyake vililingana na kimo hicho. Hata hivyo mkono ule haukuwa na papara. Unashuka hadi kwenye sauti nzito kabisa za piano, unagonga mara mbili kama anayebisha hodi, unatulia. Wapo wapigaji wanaokiogopa kimya kama kile. Hukijaza vidole mpaka wimbo ukakosa pa kupumulia. Weston alikiacha kifanye kazi yake.

Alizaliwa Brooklyn mwaka 1926. Baba yake, mfuasi wa Marcus Garvey, mtetezi wa umoja wa watu weusi popote walipo, alimshurutisha kujifunza piano wakati mtoto roho yake iko kwenye mpira wa kikapu, tena akimkumbusha kwamba yeye ni Mwafrika, ila tu amezaliwa Marekani. Akaenda jeshini, akarudi kusimamia mkahawa wa baba yake, akaosha vyombo kwenye hoteli za milima ya Berkshire huku usiku akipiga piano. Santuri yake ya kwanza ilitoka miaka ya hamsini, naye anakaribia thelathini. Siku hizi kijana wa umri huo angekuwa ameshatangaza kustaafu muziki mara mbili.

Ufundi hasa hakuupata darasani. Alipomsikia mpiga piano Thelonious Monk akipiga na mpiga saksafoni Coleman Hawkins, alimfuata mpaka nyumbani kwake Manhattan kumdodosa. Akauliza hiki, akauliza kile, Monk kimya. Muda ukaenda, mgeni akaona hapa hapana jibu, akaaga. Monk akamwambia tu arudi tena. Aliporudi, Monk aliketi kwenye piano akapiga kwa muda mrefu, bila neno la maelezo. Mafundi wetu wa milango kule Lamu hawangeshangaa: mwanagenzi huketi, hufagia vumbi la mbao, hutazama patasi inavyoingia, na siku moja anaona mwenyewe. Weston alisema kwamba ukimya wa Monk alikuja kuuelewa baadaye sana, alipokaa na wazee wa Kisufi Moroko, nchi aliyohamia na kufungua klabu yake mjini Tangier.

Mwaka 1960, nchi 17 za Afrika zilipojipatia uhuru, aliingia studio New York na bendi kubwa kurekodi santuri ya Uhuru Afrika. Ala zilipangwa na Melba Liston, mpiga tromboni ambaye hasifiwi inavyostahili. Weston alitunga, Liston akazijengea tungo zile nyumba ya kukaa. Maneno yaliandikwa na mshairi Langston Hughes. Na sauti inayoufungua muziki ule inanena Kiswahili, kinywani mwa Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, wakati Tanganyika yenyewe bado iko chini ya Mwingereza. Sehemu ya mwisho inaitwa Kucheza Blues. Serikali ya makaburu iliipiga marufuku santuri hiyo Afrika Kusini mwaka 1964. Waliisikiliza, angalau.

Kwetu hakuna aliyeikataza, na sijawahi kuisikia redioni. Ukumbini mwa hoteli zetu, pale palipokuwa na piano ya mbao, sasa kuna kinanda cha umeme. Kijana anabonyeza kitufe kimoja ngoma ikaanza, anabonyeza cha pili besi ikafuata, naye mkono wake wa kushoto unachezea simu. Simlaumu sana. Anayemlipa hataki zaidi ya kelele za kusindikiza chakula, na hata siku kitufe kikikwama hakuna mlaji atakayeinua kichwa.

Weston alibaki jukwaani hata alipovuka miaka tisini, akafariki Brooklyn Septemba 2018. Sanga alirudi nyumbani, na wazee wanamkumbuka kwa siasa zake na ulimi wake usioogopa mtu. Ila sijakutana na hata mmoja wao anayejua kwamba sauti hiyohiyo imo katika santuri ya jazi, pamoja na ngoma za Max Roach na Babatunde Olatunji.