Samaki na mkono unaomkunja: juu ya Hangari ya Lubumbashi na masomo ya watoto wetu

Bazee wetu wanasema: samaki umkunje angali mbichi. Msemo huu unatajwa karibu kila mara wazazi wanapokutana na walimu, na watu wote wanaitika. Sisi pia tuliuitikia miaka mingi. Lakini tulipokuwa tunatayarisha kurasa hizi tulijiuliza: katika msemo huu mtoto ni nani? Mtoto ni samaki. Na samaki huyo amekwisha kutolewa majini, hana la kusema. Mwenye mkono peke yake njo anajua umbo.

Tunakumbuka saa ya kuchora tulipokuwa wadogo ku masomo. Mwalimu alichora gobeleti ku ubao. Kalasi nzima, watoto zaidi ya hamsini, tukachora gobeleti ile ile ndani ya kaye. Mmoja wetu akachora chungu cha mama yake, chenye ufa pembeni na weusi wa moshi chini. Alipata sifuri. Mwalimu hakuwa mtu mubaya. Alifundisha vile naye alifundishwa. Lakini yule mwenzetu hakuchora tena, na sisi wengine tulijifunza jambo moja tu siku ile: kile unachokiona kwenu hakina fasi ku masomo.

Siku hizi kuna watu wanaozungumza juu ya masomo ya namna nyingine, yale yanayoanza na mwanafunzi: mtoto anatafuta, anauliza, anajaribu kwa mkono wake, na mwalimu anamsindikiza. Wengi kwetu wanajibu mara moja: "Ile ni mambo ya Bazungu, ni ya batoto ba benye feza." Wapenzi wasomaji, jibu hilo halitoshi. Jambo hilo lilijaribiwa hapa hapa mujini kwetu, na wanafunzi hawakuwa watoto wa matajiri. Ni vizuri tuliangalie bila kulisifu mno na bila kulidharau.

Mwaka 1946, katika Elisabethville ya wakati ule, Mfaransa mmoja aliyekuwa mwanajeshi wa majini, Pierre Romain-Desfossés, alifungua karakana ya wachoraji Wakongomani. Watu waliiita Hangari, na jina hilo likabaki. Huyu mzee hakuweka gobeleti mbele ya wanafunzi wake. Hakuwafundisha sheria za Bulaya za kupima umbali na kivuli. Aliwapa rangi na mahali pa kufanyia kazi, akawaambia watafute ndani ya kumbukumbu yao na ndani ya pori la Katanga: nyoka, ndege, samaki, majani, wawindaji. Kila mmoja alipaswa kutafuta namna yake.

Matunda tunayafahamu. Bela Sara, aliyetoka upande wa Chadi na ambaye mwanzoni alikuwa mtumishi wa nyumbani wa Desfossés, aliacha brosi akapaka rangi kwa ncha za vidole. Pilipili Mulongoy alijaza nyuma ya wanyama wake nukta na alama ndogo-ndogo, hata hewa na maji vikaonekana kama vinatembea. Mwenze Kibwanga alijenga miili ya watu na wanyama kwa mistari mifupi iliyopangwa sambamba, rangi juu ya rangi. Desfossés alikufa mwaka 1954. Pilipili na Mwenze wakaendelea kama walimu kwenye akademia ambayo Mbelgiji Laurent Moonens alikuwa ameianzisha mwaka 1951. Miaka mingi nyuma, mwaka 2015, picha za hawa watatu zilionyeshwa Paris katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo kwenye Fondation Cartier.

Sisi tunatumia kipimo kimoja rahisi ili kujua kama masomo yanamheshimu mwanafunzi. Funika majina, kisha angalia kazi. Kama huwezi kujua nani alifanya nini, basi ni mwalimu peke yake aliyefanya kazi. Kaye zetu hamsini za gobeleti zingeanguka kwenye kipimo hiki. Hangari inapita bila shida. Watu watatu, dari moja, mwalimu mmoja, na mikono mitatu ambayo hata mtoto anaweza kuitenganisha. Wakati ule sehemu kubwa ya masomo ya Wakongomani ilikuwa mikononi mwa misioni, na mutoto mzuri alikuwa yule anayerudilia neno vile alilisikia. Kwa hiyo Hangari haikuwa jambo dogo. Yeyote anayesema kwamba mwanafunzi mweusi alihitaji kwanza kukopia ndipo afikiri, picha hizi zinamkatalia.

Lakini sherti tuseme na upande wa pili. Uhuru wa Hangari ulikuwa na lupango. Ndani ya lupango mwanafunzi alitembea vile alitaka, lakini yeye hakuchagua ukuta upite wapi. Desfossés alikuwa na mawazo yake juu ya "roho ya Mwafrika", na alitaka kuilinda isiharibiwe na picha za Bulaya. Aliwatazama wachoraji wake kama watoto wake, nao walikuwa watu wazima. Aliwaambia kweli: choreni yenu. Lakini yenu ni nini? Hilo alikuwa amekwisha kulijua mbele yao: pori, nyama, ngoma, uwindaji.

Sasa tuangalie muji ambamo karakana hiyo ilisimama. Elisabethville ilikuwa na bomba refu la moshi la Union Minière, reli, makambi ya wafanyakazi, na mtaa wa Wazungu uliotengwa na ule wa weusi. Mwezi wa 12, 1941, miaka mitano tu mbele ya Hangari kufunguliwa, wafanyakazi wa Union Minière waliofanya mgomo walipigwa risasi katika muji huu huu, na watu wengi walikufa. Katika picha zinazojulikana sana za Hangari, bomba halipo na mgomo haupo. Hatuwalaumu wachoraji. Chini ya ukoloni nani angenunua picha ya namna ile, na nani angelala salama kisha kuichora? Tena, mtu akituambia kwamba nyoka wa Pilipili anayemeza ndege anasema mambo mengi kuliko nyoka na ndege, hatutabisha. Tunachosema ni hiki: mwanafunzi aliachiliwa kuchagua namna ya kujibu. Ulizo lenyewe lilikuwa la mwalimu.

Ili kuona tofauti, tumkumbuke Tshibumba Kanda Matulu, mtoto wa muji huu, aliyezaliwa mwaka 1947. Huyu hakulelewa na Hangari wala na akademia; alijifunza kupaka rangi peke yake na akauza picha mitaani. Mwaka 1973 na 1974, hapa Lubumbashi, alimchorea mwalimu wa chuo kikuu Johannes Fabian mfululizo wa picha zaidi ya 100 juu ya historia ya inchi, toka wakati wa bankambo mpaka Zaire ya siku zake. Mgomo wa 1941 umo. Lumumba yumo. Alieleza picha zake kwa Kiswahili chetu cha Katanga, na maelezo hayo yalitafsiriwa na kuchapishwa katika kitabu cha Fabian mwaka 1996. Tshibumba alisema yeye ni mwandishi wa historia. Hakuna mtu aliyempa ulizo. Alilibeba yeye mwenyewe.

Mtu atasema: basi mwalimu hana kazi, tuwaache batoto. Hapana. Tshibumba alilipa bei ya kuwa peke yake. Aliishi kwa kuuza picha kwa feza kidogo, na toka mwanzo wa miaka ya 1980 hatujui alipotelea wapi. Mtoto asiye na mtu wa kumsindikiza hayuko huru, ameachwa.

Na desturi zetu zenyewe hazikumwacha mwanafunzi peke yake. Kwa Baluba, watu wa chama cha Mbudye walifundishwa kusoma lukasa, ule ubao mdogo wenye shanga na kauri uliobeba kumbukumbu ya wafalme, safari na fasi takatifu. Hatutaki kuupamba: Mbudye ilikuwa na ngazi, na siri zake hazikuwa za kila mtu. Lakini lukasa haisomwi kama gobeleti ya ubao. Shanga ni zile zile, na msomaji anazieleza kufuatana na ujuzi wake, watu walio mbele yake, na jambo lililowakusanya. Mwalimu anakupa shanga; kusema ni kazi yako. Kwa hiyo kuheshimu sauti ya mwanafunzi hakukuja na meli ya Mzungu yeyote, hata Desfossés.

Turudi kwenye kalasi za leo. Toka masomo ya msingi kutangazwa bure mwaka 2019, watoto wameongezeka, na mara nyingi benchi moja linabeba wanne, hata watano. Hatutamwambia mwalimu aliye na watoto makumi sita au zaidi kwamba afungue Hangari kesho. Tunamwomba mambo matatu ambayo hayana bei. La kwanza, saa moja kwa juma ambapo mtoto analeta ulizo lake mwenyewe, hata likiwa juu ya shimo la barabara, au juu ya baba anayeshuka kuchimba madini. La pili, asimfungie ndani ya "mambo ya kwetu" tu. Desfossés alikosa hapo. Mutoto aone pia picha za mbali, na achague. La tatu, kile kipimo cha kufunika majina. Kama kaye zote zinafanana, asiwape wote kumi kwa kumi. Ajiulize yeye kwanza.

Na sisi wazazi tusikimbilie kupiga mutoto aliyechora chungu badala ya gobeleti. Tumwulize ule ufa ulitoka wapi. Pengine atatueleza jambo la nyumbani kwetu ambalo sisi wenyewe hatujaliona.

Msemo wa bazee hatuutupi. Samaki ana siku yake ya kukunjwa, na kuna adabu ambazo mtoto hazichagui. Lakini mbele ya mkono na mbele ya moto, samaki alijua kuogelea, na hilo hakufundishwa na mvuvi.