Ungamo na Usimulizi: Uamsho wa Walokole kutoka Kabete hadi Riwaya ya Ngũgĩ

Mwaka 1937 ulikuwa na matukio mawili ambayo ni nadra kutajwa pamoja katika uhakiki. Kwanza, Karen Blixen alichapisha Out of Africa, kumbukumbu za shamba la kahawa aliloishi tangu 1914 hadi 1931 chini ya vilima vya Ngong, mahali panapoitwa Karen leo. Pili, kundi la wahubiri lililotoka Rwanda lilifika Kabete, upande wa kaskazini wa shamba hilo, na kuuingiza Uamsho wa Afrika Mashariki nchini Kenya. Makala haya yanadai kuwa tukio la pili lina uzito zaidi katika historia ya usimulizi wa Wagikuyu, na kwamba athari yake inadhihirika hata katika kazi ya mwandishi aliyeushutumu uamsho wenyewe.

Katika kitabu cha Blixen, kijana Kamante anatibiwa vidonda vya miguu katika hospitali ya misheni ya Waskoti, kisha anarudi shambani akiwa Mkristo. Uongofu huo unasimuliwa na mwajiri wake. Msomaji anaelezwa jinsi Kamante alivyoonekana baada ya kuongoka. Lililompata moyoni halisemwi na yeye mwenyewe. Hadithi zake kwa jina lake zilitokea mwaka 1975 tu, katika Longing for Darkness, na hata hapo zilipitia mikononi mwa Peter Beard.

Uamsho ulileta utaratibu tofauti. Chimbuko lake ni misheni ya Kianglikana ya Gahini, Rwanda, pamoja na urafiki wa daktari Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi, waliosali pamoja Kampala mwaka 1929. Wafuasi wake waliitwa Balokole kwa Kiganda, ahonoki kwa Kigikuyu, na walokole kwa Kiswahili. Kiini cha ibada yao kilikuwa ushuhuda: mtu husimama mbele ya ndugu, hutaja dhambi zake waziwazi, hueleza jinsi alivyookoka, kisha hueleza mwenendo wake wa sasa. Hadhira humpokea kwa wimbo wa Kiganda, hata miongoni mwa wasiojua lugha hiyo. Kifani, huu ni utanzu kamili wa fasihi simulizi. Una nafsi ya kwanza, mgeuko wa maisha na hadhira inayoitikia. Haukudai cheo wala elimu: mwanamke mkulima alishuhudia sawa na padri, na baadhi ya wamisionari waliungama majivuno yao ya rangi mbele ya Waafrika.

Mhakiki aliyezoea kuiona dini kama kasumba atapinga kuwa ushuhuda huo ulitaja ulevi, uzinzi na chuki ya mtu binafsi, lakini haukuwa na nafasi ya kutaja ardhi iliyonyakuliwa. Pingamizi hili lina nguvu. Hata hivyo, wakati wa Hali ya Hatari (1952–1960) walokole wengi walikataa kiapo cha Mau Mau kwa kuwa damu ya Kristo iliwatosha, na baadhi yao walikataa pia kushika silaha za serikali. Wapo waliouawa kwa msimamo huo. Kuwaita vibaraka na kuishia hapo si uhakiki.

A Grain of Wheat (1967) ya Ngũgĩ wa Thiong'o (1938–2025) inaonyesha utata huo. Mchungaji Jackson, anayeungama hadharani na kuwa kiongozi wa uamsho Rung'ei, anauawa na wapiganaji wa msituni; lawama ya riwaya kwa uamsho iko wazi. Lakini muundo wa riwaya wategemea ungamo. Gikonyo na Mumbi, kila mmoja kwa wakati wake, wanamfungulia Mugo siri za mioyo yao. Hatimaye, katika sherehe za Uhuru za Desemba 1963, Mugo mwenyewe anasimama hadharani na kukiri kuwa ndiye aliyemsaliti Kihika. Huo ni ushuhuda uliogeuzwa kwa namna mbili: dhambi inayotajwa imetendewa umma, na hadhira haiitikii kwa wimbo. Kwa walokole, ungamo humrudisha mtu kwa ndugu zake. Kwa Mugo, linamfikisha hukumuni. Ngũgĩ anaihifadhi fani na kuinyima faraja yake.

Kwa mintarafu hii, usomaji unaoieleza riwaya kwa siasa pekee hautoshi. Ushuhuda wastahili kukusanywa na kuchambuliwa kama utanzu. Tawasifu ya Askofu Obadiah Kariuki, A Bishop Facing Mount Kenya (1985), yaonyesha jinsi sauti hiyo inavyoweza kuingia kitabuni. Nyumba ya Blixen imekuwa makumbusho tangu 1986. Shuhuda za walokole zilihifadhiwa zaidi vinywani, na kizazi kilichozisikia kwanza kinaendelea kutoweka. Kazi ya kuzikusanya haiwezi kusubiri.